Koti Lenye Harufu ya Waridi

Kila asubuhi, kabla sijafagia uwanja, baba hunizuia kwanza. Hushuka kibarazani na fimbo yake, akainama, akasoma vumbi la usiku kama watu wengine wanavyosoma gazeti.

"Paka wa kina Eustaki amepita, bado anachechemea. Huyu muuza maziwa. Leo ndoo ameibeba mkono wa kushoto."

Akimaliza hunyoosha mgongo na kusema, "Haya, Cornelia, fagia."

Ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote katika mapori ya bonde la Rukwa, kufuata nyayo mbele ya wageni waliokuja kuwinda kwa vibali. Siku hizi anaifanya uani kwetu, mtaani Kizwite, na mtoto wa jicho amekwisha kumfunika jicho la kulia, na la kushoto linafuata.

Asubuhi moja alisimama juu ya alama za ndala karibu na mlango wa jiko. Alizitazama muda mrefu.

"Huyu mwanamke simjui," alisema. "Mgeni. Na ametokea jikoni kwetu."

Zilikuwa nyayo zangu.

Nilibaki nimeshika ufagio, natafuta namna ya kumwambia. Kabla sijaipata, pikipiki ya kaka Flavian iliingia uani kwa kishindo na kuzifuta zote, kuku wakaruka hadi juu ya paa la choo.

"Shikamoo, baba! Mambo yameiva!"

"Marahaba. Umekanyaga gazeti langu."

Flavian anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, na habari zote zinazopita Sumbawanga hupitia kwake kwanza, za kweli na za uongo. Safari hii ilikuwa ya kweli. Kutakuwa na maonyesho ya utalii na uwindaji kwenye uwanja wa mpira. Wawindaji wenye leseni watakuja, kampuni zitakuja, na mtu yeyote ataweza kukodi meza.

"Sanduku la baba tunalipeleka huko," alisema.

Sanduku hilo la bati lilikuwa chini ya kitanda cha wazazi tangu baba astaafu. Kila msimu wageni walipoondoka walimwachia kitu: huyu koti la rangi ya majani makavu, yule buti, mwingine darubini, kisu cha kuchunia, mfuko mrefu wa kubebea bunduki. Kila kitu cha uwindaji kilikuwamo isipokuwa bunduki yenyewe. Daktari wa Mbeya alikuwa ameshatuambia kwamba macho ya baba yanaweza kupasuliwa na yatapona, ila tusiendelee kungoja. Tulichokosa ni pesa. Mahindi bei ilikuwa imelala, mimi nilikuwa nimemaliza chuo na kukaa nyumbani bila ajira, na sanduku lile ndicho kitu pekee tulichoweza kuuza bila mtu kulala njaa.

"Kwa nini tusipeleke mnadani?" mama aliuliza.

"Mnadani, mama, mtu atanunua buti za kuwindia mbogo aende nazo shamba la ulezi. Atatoa bei ya shamba la ulezi. Vitu vya wawindaji vinapelekwa kwa wawindaji."

"Na hao wawindaji hawana vyao?"

Flavian alikuwa amekwisha kuwasha pikipiki. Nimelifikiria swali hilo mara nyingi baadaye. Lilitosha kutuokolea siku nzima.

Tulimgeukia baba.

"Fanyeni mnavyoona," alisema.

Kwetu mzee akitamka hivyo, watoto hushukuru kwamba amekubali. Tukashukuru.

Mama yangu ni mtu ambaye akiazima ungo huurudisha ukiwa msafi kuliko ulivyotoka. Hakuweza kuvumilia kupeleka mbele za watu vitu vinavyonuka sanduku. Baba alipokuwa kazini nguo zake za porini zilifuliwa huko huko kambini, kwa hiyo mama hakuwahi kuzigusa, na sasa alizishukia kama mtu anayelipiza. Aliloweka, akasugua, akaanika, akapiga pasi ya mkaa mpaka mikunjo ya mikono ikasimama kama ya shati la katekista. Buti zilizokuwa za kahawia alizipaka rangi nyeusi, zikang'aa kama za gwaride.

Baba alikaa pembeni kwenye kigoda, akisikiliza maji. Alisema neno moja tu.

"Suuza tena, Mama Flavian. Bado linanuka."

Basi mama akatia kwenye maji ya mwisho ile sabuni ya harufu ya waridi anayoitunza kwa mashuka ya wageni.

Siku ya maonyesho upepo wa uwanda ulikuwa ukivuma tangu alfajiri, ule wa mwezi wa saba unaopita katikati ya mifupa. Meza yetu iliwekwa kati ya kikundi cha wauza asali na Bwana Suleimani, mfanyabiashara wa mjini aliyeleta tochi mpya, buti mpya na maturubai mapya, vyote vikiwa bado kwenye karatasi zake.

"Shikamoo, Bwana Suleimani," nilimsalimu.

"Marahaba, binti. Mmeleta nini?"

Nilimwonyesha. Akatazama meza yetu, akatazama yake, akanihurumia waziwazi.

"Mungu atawafungulia riziki," alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani.

Kazi yangu ilikuwa kuita wateja. Flavian alisema mimi ndiye msomi, nina lugha. Mimi mbele ya watu sauti hunikimbia. Nikisema "karibuni" inatoka kama natubu kwa padri. Lakini watu walikuja bila kuitwa. Walikuja wengi, na wote walikuwa na swali moja.

"Bunduki iko wapi?"

"Hatuuzi bunduki," Flavian alijibu.

"Sasa huu mfuko?"

"Mfuko ni mfuko."

"Mfuko wa bunduki bila bunduki! Si sawa na kuuza tandiko bila punda?"

Walicheka, wakaonja asali ya jirani kwa kijiti, wakaenda zao. Kikaja kikundi kingine. Bunduki iko wapi? Akaja askari mmoja mwenye adabu sana, akauliza hilo hilo, ila yeye hakuwa anatania.

"Ya mfuko huu ilirudi kwao na mwenyewe," baba alimjibu kutoka kwenye kigoda chake nyuma ya meza. "Ng'ambo. Ukitaka kuifuata mimi nitakuongoza mpaka uwanja wa ndege, mbele ya hapo ni nyayo zako mwenyewe."

Askari alicheka, lakini aliupekua mfuko hadi kwenye pindo. Watu waliokuwa wanakaribia meza walipomwona anapekua, walipinda njia kama maji yanavyokwepa jiwe. Hawakurudi.

Mchana alikuja mwalimu mmoja aliyetaka darubini ya kutazamia ndege. Huyo alikuwa mnunuzi wa kweli. Nilimwona jinsi alivyoishika, vidole vimekwisha kuipenda. Flavian akanikonyeza. Nikapata sauti, nikaanza kumweleza kwamba imetunzwa vizuri.

"Ina ukungu," baba alisema. "Upande wa kushoto. Kama mimi."

Mwalimu aliiweka jichoni, akaizungusha, akaona ukungu ambao nadhani bila kuambiwa asingeuona. Akaishusha taratibu.

"Nitapita tena," alisema.

Flavian alimgeukia baba. "Baba, unauza au unashitaki?"

"Nasema ukweli. Mnataka niibie watu uzeeni?"

"Nani kasema uibe? Nyamaza tu! Kunyamaza si wizi!"

"Usimwambie baba yako anyamaze," mama alisema.

"Haya, aongee! Aongee mpaka turudi na sanduku zima!"

Bwana Suleimani alijifanya anapanga tochi. Mimi nilipanga buti upya, kulia kushoto, kushoto kulia, machozi yakiwa karibu. Meza tulikuwa tumeikodi. Nauli ya kuja na sanduku tulikuwa tumetoa. Upepo ulikuwa umetia vumbi kwenye buti za mama na yeye alikuwa akizifuta kwa pindo la kanga, mara kwa mara, kana kwamba kilichokosekana kuleta wateja ni mng'aro.

Jua lilipoanza kuinama ndipo alipokuja Lazaro. Sikuwa namfahamu, lakini baba alimtambua kwa sauti tu. Alikuwa mwindaji wa Kabwe, huko ziwani, na miaka ya nyuma waliwahi kukutana porini. Walishikana mikono kwa muda mrefu.

"Mzee wa nyayo! Kumbe vitu vyako? Hivi nanunua, bwana. Vya dukani vinachanika msimu wa kwanza." Alinyanyua koti, akalipima mabegani. Lilimkaa sawasawa. Flavian aliacha kupumua. Lazaro akaingiza mkono, akaleta kola karibu na pua ili afunge kifungo cha juu, na papo hapo akasimama.

Alinusa kola. Akanusa mkono wa koti. Akanusa suruali iliyokuwa mezani.

"Hili limefuliwa na nini?"

"Na sabuni nzuri," mama alisema kwa fahari. "Na maji ya mwisho nimetia ya waridi."

"Mama," Lazaro alisema kwa upole, akilivua, "mimi nakwenda kuwinda mbogo. Siendi kuposa."

Bwana Suleimani alicheka kabla hajaweza kujizuia.

"Hii harufu nikiingia nayo Rukwa, mbogo wataisikia wakiwa Katavi," Lazaro aliendelea. "Na hizi buti zinang'aa, mnyama atajitazama humo kama kioo. Pole, mama. Hujakosea, huwezi kujua." Kisha akamtazama baba, na kicheko kikafifia usoni mwake. "Lakini wewe, mzee mwenzangu. Si ni wewe uliyewahi kumrudisha mgeni kambini kwa sababu amejipaka mafuta ya nywele? Hukumwambia mama?"

Baba alitazama fimbo yake.

Lazaro alikuwa mtu mwenye akili. Alisema atatuona, akaondoka.

Mama alilishika koti, akalikunja mikono ndani kama alivyozoea, akalikunjua tena.

"Ulikuwa umekaa pale," alimwambia baba. "Nasugua, wewe umekaa pale. Si ni wewe uliyesema nisuuze tena?"

Baba aligeuza fimbo mkononi.

"Nimechubuka vidole, Evaristi." Sikuwa nimewahi kumsikia mama akimwita baba kwa jina. "Umenifanya kichekesho mbele ya watu. Kama hukutaka kuuza vitu vyako, ungefungua kinywa useme."

"Vitu vyenyewe vichukueni," baba alisema. "Sivitaki. Gaweni bure."

"Sasa unataka nini?" Flavian alipiga meza, kisu cha kuchunia kikaruka. "Unataka tukupeleke Mbeya kwa pesa ipi? Tulikuuliza, ukasema fanyeni mnavyoona!"

"Macho yangu bado yanafanya kazi. Muulize Cornelia. Kila asubuhi nasoma uwanja mzima, hajawahi kunikosoa."

Wote watatu walinitazama, na Bwana Suleimani wa nne. Nilitamani upepo unichukue na maturubai yake.

"Baba," nilisema. Sauti ilitoka ndogo, nikairudia. "Baba, siku ile Flavian alipokuja na pikipiki. Yule mwanamke mgeni."

"Aliyetoka jikoni."

"Alikuwa ni mimi."

Mkono wake ulisimama juu ya fimbo.

"Zilikuwa ndala zangu, baba. Zile zile za kila siku."

Spika ya maonyesho ilikuwa inawatangazia watu zawadi ya bahati nasibu. Baba alingoja imalize. Alinyoosha mkono, akapapasa meza mpaka akakifikia kile kisu cha kuchunia, akakirudisha mahali pake bila kukosea.

"Unyayo wako naufahamu tangu ulipoanza kutembea," alisema. "Unakanyagia ndani kidogo, mguu wa kulia."

Mama aliweka koti kando, akachuchumaa mbele ya kigoda, uso wake ukawa sawa na wa baba.

"Sema basi," alimwambia. "Mimi si mgeni wa kambini. Sema."

"Nimesimama mbele ya mbogo aliyejeruhiwa, mnajua. Simba nimemsikia anapumua kwenye nyasi, sikukimbia. Lakini pale nilikuwa na miguu yangu, na nilikuwa naona. Huyu daktari anataka nilale chali, nitulie, mtu ashike kisu juu ya jicho langu nikiwa macho. Na la kushoto bado linanipa mwanga kidogo, Mama Flavian. Nakuona hapo ulipo, kama mtu kwenye moshi. Mkono wa daktari ukiteleza, hata moshi sitauona."

Alitafuta mkono wa mama, ule uliochubuka vidole, akaupata.

"Naogopa," alisema. "Ndiyo hilo tu. Naogopa."