Pipi za Mzee Ngassa

Sista Yudith alirudi wodini Kilosa kutoka kozi ya uuguzi wa akili akiwa na tiba isiyohitaji sindano: tabia mbaya usiijali, tabia njema ituze. Akanunua pipi, akazitia katika mfuko wa gauni lake jeupe, akaanza na Mzee Ngassa.

Mzee Ngassa, mfugaji wa Rudewa, alikuwa mpole kuliko wagonjwa wote. Kasoro yake ilikuwa moja: aliwapa watu wote shikamoo, mpaka wafagizi wa rika la wajukuu zake. Mwanawe Obed, mwenye duka la mitumba Mikumi, ndiye aliyemleta. Ilikuwa enzi ya ruksa, biashara zimefunguliwa, na mwenye duka alikuwa mkubwa kuliko mwenye mvi.

“Sista, baba anawaamkia watoto wangu,” alisema Obed. “Majirani wanadai nimemroga. Akiacha, nitamchukua. Asipoacha, kaeni naye.”

Yudith akatoa amri. Mzee akisema shikamoo, asijibiwe. Akinyamaza, apewe pipi. Wodi nzima ikatii kwa shingo upande, maana kumpita mzee na shikamoo yake bila kujibu si jambo dogo. Mzee akaacha shikamoo. Akaacha na mazungumzo, kisha akaacha kula. Pipi alizipanga dirishani bila kuzimenya.

Kozi haikuwa imefika huko. Yudith aliogopa, naye hakupenda kuogopa. Akavuta stuli, akaketi kando ya kitanda.

“Mzee, kwa nini unatuamkia sisi watoto?”

Mzee alizitazama pipi dirishani. “Nilipokuwa na ng'ombe, niliamkiwa mpaka nikachoka kuitikia. Walipokwisha kwenye ugomvi wetu na wakulima, nikahamia kwa Obed. Pale haniamkii mtu. Nikaona nianze mimi, angalau nisikie marahaba.”

Yudith akajaribu kukumbuka siku aliyomwamkia mzee huyu. Hakuikumbuka. Gauni jeupe halimwamkii mgonjwa, huamkiwa. Aliona aibu, na ilimstahili.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu.” Kisha akaomba uji.

Jumamosi Obed akaingia, viatu vinang'aa. “Vipi mzee, umepona?”

Mzee alifumbua kinywa, na kila mtu alijua kitakachotoka. Yudith akawahi. “Obed, toka nje, uingie upya.”

Obed alicheka. Alipoona sista hacheki, akatoka, akaingia. “Baba, hali?”

“Upya.”

Safari hii alikawia huko nje. Aliporudi, mzee alikuwa ameketi wima, mikono magotini, anasubiri. Obed akavua kofia.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba.”

Mzee Ngassa, ambaye kwa muda wote ule alikuwa akitazama tiba inavyofanywa, alinyoosha mkono dirishani, akachukua pipi moja, akampa mwanawe. Zilizobaki akamwomba Yudith amfungie kwenye karatasi, za kutumia nyumbani.