Wakili Alikuwa kwa Edina

Albina alifika kwenye baraza la ardhi mjini Mbinga kabla ya watu wote, akitokea Matiri na basi la kwanza. Aliketi kwenye benchi la nje, macho getini, akimngoja Wakili Joakim. Benchi la pili alikaa shemeji yake, Xaveri. Tangu mume wa Albina afariki, Xaveri alikuwa amejimegea nusu ya shamba la kahawa, akidai marehemu hakuwahi kugawiwa na baba yao. Barua ya mgawanyo ilikuwepo, tena yenye sahihi za mashahidi. Ila ilikuwa kwa wakili.

Saa tatu kasorobo ujumbe ukaingia kwenye simu. "Mama, nimepata dharura. Omba tarehe nyingine."

Alipiga, haikupokelewa. Akafungua WhatsApp amwandikie, ndipo akaiona picha aliyoiweka mdogo wake, Edina, aliyeolewa kule Mbamba Bay. Wakili Joakim ameketi barazani kwa Edina, amekunja mikono ya shati, na mbele yake sahani ya samaki, mbasa mzima, na ugali. Chini Edina ameandika: "Mgeni wetu wa leo. Karibu ziwani, wakili."

Damu ilimchemka. Yeye ndiye aliyemtafuta wakili huyo. Yeye ndiye aliyempa Edina namba, mwekezaji alipokitolea macho kiwanja chake cha ufukweni. Lakini ndivyo ilivyokuwa tangu utotoni: Edina ndiye aliyepelekwa kusoma kwa masista, Edina ndiye aliyefunga ndoa kwa kwaya mbili, Edina ndiye mama yao aliyemuulizia hadi siku ya mwisho. Sasa na wakili naye!

Akampigia Edina.

"Shikamoo, dada!"

"Huyo anayekula kwako ni wakili wangu. Leo ndiyo siku ya kesi yangu."

"Mungu wangu! Ametuambia leo hana kazi."

"Akishafika kwako, nani hukumbuka kazi?" Albina akakata simu.

Ndani, mwenyekiti alimuuliza wakili wake yuko wapi. Ulimi ulitaka kusema yuko kwa mdogo wangu, anatafuna samaki. Akasema, "Amepata dharura, mheshimiwa."

Mwenyekiti alipekua jalada. "Hii ni mara ya tatu. Siahirishi tena. Saa nane mchana uje na vielelezo vyako, la sivyo shauri nalifuta."

Xaveri aliinama kuficha tabasamu.

Albina hakula chochote. Alirudi kwenye benchi lake, akawa anamwona Edina akilini, akimwongezea mgeni mchuzi.

Saa nane kasoro dakika kumi, bodaboda iliingia getini. Edina alishuka akitetemeka kwa baridi ya milimani, bahasha ameikumbatia kifuani.

"Nilimdai karatasi za kesi yako. Bahasha ilikuwa kwenye gari lake. Aligoma kunipa, nikafunga geti, nikamwambia hatoki. Na kesi yangu ya kiwanja nimemnyang'anya."

Albina aliipokea. Gundi ilikuwa vilevile alivyoibandika yeye miezi minne iliyopita. Wakili hakuwahi hata kuifungua.

Alisimama peke yake mbele ya baraza. Alieleza jinsi yeye na mumewe walivyoipanda ile mibuni, mstari kwa mstari, kisha akaikabidhi barua. Mwenyekiti aliisoma hadi chini, akamwinulia Xaveri macho.

"Hapa kwa shahidi wa tatu, sahihi hii si yako?"

"Ni ya zamani, mheshimiwa," Xaveri akajibu, na baraza zima likaguna.

Mwezi uliofuata uamuzi ulitoka: shamba lote ni la Albina.

Lakini mchana ule, walipotoka nje, watu walimzunguka Edina. "Huyu mama jasiri! Kutoka ziwani kwa pikipiki!" Karani mwenyewe alimletea chai. Hakuna aliyemwambia Albina kwamba amezungumza vizuri. Alisimama pembeni, akiona wivu, na aibu juu yake, kwa sababu alijua fika kwamba bila Edina angerudi Matiri mikono mitupu.

Edina alimsindikiza hadi stendi, akiongea njia nzima.

"Dada, mbona kimya?"

"Nimechoka."

Albina alipanda basi, akakaa dirishani. Neno asante alilitoa gari likiwa limeshaanza kuondoka, na hakuwa na hakika kama mdogo wake alilisikia.