Jina Lililotajwa Kwenye Maombi

Mama Emilienne alikuwa amefagia kituo cha afya kwa miaka kumi na moja, huku Wamaza. Siku moja upepo ulitawanya fishi, karatasi za wagonjwa, naye akaziokota. Moja ilikuwa ya Olga, muuza mandazi. Alisoma polepole: kifua kikuu, dawa miezi sita. Roho ikamuuma kweli. Olga ana watoto watatu, na bwana wake yuko machimboni upande wa Lusangi.

Jumatano, kwenye maombi ya akina mama, kiongozi akauliza kama kawaida: "Nani iko na haja?"

Kwao haja haipelekwi bila jina. Unamtaja mutu, wote wanapaza sauti. Emilienne akasimama. "Tumuombee Olga. Kifua kikuu imemushika."

Wakaomba mpaka wengine wakalia. Emilienne akarudi kwake moyo mweupe, kama amesaidia.

Kesho yake sokoni beseni la mandazi la Olga lilishinda limejaa. Kesho kutwa vilevile. "Mama, leo umeyakaanga na mafuta ao na kikohozi?" mmoja akamtania kwa mbali, soko likacheka. Wiki iliyofuata Olga hakuja kuchukua dawa.

Muganga Christophe wa kituo alimfuata nyumbani, akarudi uso umemshuka. "Amenifukuza. Anasema ni mimi nilitangaza ugonjwa wake. Mama Emilienne, mimi nilimwambia nani? Akiacha dawa sasa, tutamuzika."

Emilienne alitaka kusema. Akafagia pale pale alipokwisha kufagia.

Kesho yake asubuhi na mapema akaenda kwa Olga, akamkuta anachambua maharagi.

"Karibu, mama. Kaa."

Ukaribisho ule ulimchoma kuliko tusi. Hakukaa. "Muganga hakusema kitu. Ni miye. Nilisoma fishi yako, nikaipeleka kwenye maombi."

Olga aliacha maharagi. "Ni weye? Weye uliyepokea mutoto wangu wa kwanza?"

"Ni miye."

"Sasa mulikuwa munamuomba Mungu, ao munaambia soko?"

"Jumatano nitasimama mbele ya wote, niombe musamaha."

"Usisubutu! Ukisimama, utanitaja tena. Wale ambao hawajasikia, watasikia." Olga akakohoa, akageuza uso. "Aibu yako, kaa nayo kimya. Miye nilitaka kukaa kimya na ugonjwa wangu, ukaninyima."

"Na dawa, mwanangu?"

"Nitakunywa. Lakini Jumatatu, siku yangu ya dawa, nisikukute pale kituoni."

Emilienne akaenda moja kwa moja kwa Christophe, akamwambia yote. Muganga hakumgombeza, alizikusanya fishi tu, akazifungia sandukuni, ufunguo akautia mfukoni. Tangu hapo kila Jumatatu Emilienne hafiki kituoni mpaka Olga awe amekwisha kurudi kwake.

Juzi mutoni, Marie-Thérèse, mwenzake wa maombi, alimsogelea. "Mama, Olga wetu anaendelea namna gani? Bado anakohoa damu?"

"Ya Olga muulize Olga."

"Eh! Si weye ulituambia? Leo umekuwa bubu?"

Wanawake wote waliacha kufua, wakamtazama. Emilienne akajitwisha ndoo ikiwa nusu, akapanda kilima haraka haraka. Maji yakawa yanamwagikia uso, wala hakuyapangusa.