Boriti ya Ngazini

…na jengo likageuka, lenyewe, bila mtu kulishika, likaonyesha mgongo, na Filemon akajikuta ameinamia kioo cha kompyuta hadi pua karibu ikiguse, yeye aliyefika ofisini asubuhi hii na neno moja tu mdomoni, hapana, maana Bwana Valerian mwenye ofisi alishasema mashine hii hainunuliwi mpaka yeye, mzee wa michoro, akubali, na akikubali ile meza yake ya kuchorea pale dirishani inakwenda stoo, na yeye pengine anarudi Rau kukatia ng'ombe majani, sasa akubali kwa lipi… lakini hii ni hosteli ya wauguzi ya Shirimatunda, aliichora kwa wino kwa mkono wake, kuta zile, madirisha yale, na hakuwahi kuiona, Mungu wangu, maisha yote amechora nyumba na hakuna hata moja aliyoiona kabla mafundi hawajaimaliza… "Sasa naweka nguzo za injinia Primus," anasema Winfrida, sauti inamfikia kwa mbali, msanifu Winfrida, huyu huyu ambaye yeye Filemon alimfundisha kukwangua kosa kwa wembe, taratibu, karatasi isitoboke, leo anabofya tu, nguzo zinaota, boriti zinalala juu yake, kisha mabomba, ya buluu, kila mtu na kazi yake na wote ndani ya nyumba moja… zamani injinia alileta karatasi yake na msanifu yake, Filemon akazibandika pamoja kwenye kioo cha dirisha, jua lipenye, kilele cha Kibo kule nyuma, akikodoa macho kutafuta mistari inagombana wapi, na siku ya mawingu je… ndiyo ile nyumba ya walimu Mabogini, boriti ikakatiza ngazini usawa wa paji la uso, hakuna aliyeiona, si msanifu, si injinia, si yeye, na mwalimu mkuu hadi leo akienda kulala anainamisha kichwa kama anapita mbele ya altare, watu wanacheka, Filemon hacheki… "Tunaingia ndani, mzee," na mlango unafunguka, ukumbi, dirisha, mwanga umelala sakafuni, sakafu ambayo kule Shirimatunda bado ni mahindi, na kofia yake iko mkononi, ameivua saa ngapi, hajui, anaogopa na anafurahi kwa pamoja, wanapanda ngazi, polepole, na shingo yake inainama yenyewe… boriti. Pale pale, usawa wa paji. Winfrida naye ameiona, anavuta simu, anamwambia Primus, boriti yako imekutana na ngazi yangu, hapana, silaumu, njoo tuitazame wote, na Filemon anawaza kumbe ni hivi tu, haijamwagwa zege, hakuna aliyepasuka uso… wauguzi wale watatoka zamu wamechoka, viatu mkononi, watapanda hapa na hakuna atakayeinama, hata mmoja, wala hawatajua kwa nini… meza yake iko pale dirishani, anaiona kwa pembe ya jicho, inamuuma, inamuuma kweli, lakini lile neno analitafuta mdomoni halipo. "Mzee, Bwana Valerian anasubiri jibu," anasema Winfrida kwa upole. "Nimwambie nini?" Boriti ingali imekatiza, kofia ingali mkononi.

"Mwambie anunue," anasema Filemon. "Ila kwanza nirudishe mlangoni. Niingie tena."