Nyumba ya Walioacha

Mama wenzangu mlio na vijana wakwezi wa minazi, naandika haya kwa ajili yenu. Tembo la mnazi, pombe ya utomvu wake, halingoji mtoto alifuate dukani. Liko hukohuko juu, kwenye kibuyu cha mgema, mnazi wa jirani. Kijana kachoka, jua kali, anaonja. Wewe uko chini unaokota nazi, huoni kitu.

Wangu ni Jecha. Alianza hivyo kwetu Kizimkazi, mwisho akawa hapandi mpaka anywe kwanza. Siku moja aliporomoka kifua kikikwaruza shina la mnazi mpaka chini, ngozi yote imechunika. Aliniambia kateleza. Mkewe Mwatum akambeba mtoto wao akaenda kwao Paje, akasema harudi kuja kukaa eda ya mtu aliyeanguka. Tangu hapo kila Jecha akienda kazini, mimi moyo hautulii mpaka nisikie kikohozi chake mlangoni.

Bi Kidawa, anayetuletea vitambaa vya kofia kutoka mjini, ndiye aliyeninong'oneza. "Kikwajuni wako walioacha. Ijumaa baada ya alasiri hukaa pamoja wakasaidiana. Jina la mwenye nyumba silijui. Uliza nyumba ya walioacha, utaonyeshwa."

Ijumaa ilipofika nikamwambia Jecha twende mjini, iko nyumba nataka tuingie pamoja. Hakuuliza. Alivaa kanzu safi, akanishikia kikapu njia nzima.

Kikwajuni tulimkuta mwanamke anakaanga bajia barazani.

"Shikamoo, bibi," akaniamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nionyeshe nyumba ya walioacha."

Upawa ukasimama hewani. "Walioacha? Bibi wee, mtaa huu waloacha ni wengi! Mwenye duka kaacha, fundi cherehani kaacha mara mbili. Unamtaka alomwacha nani?"

Wanawake waliokuwa wakingoja bajia wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Bibi anatafuta mume! Na shahidi kaja naye!"

Nilicheka nao kwa haya. Nilipogeuka, Jecha keshaweka kikapu chini.

"Kumbe ndo huku? Unanileta nkamwache Mwatum?"

"Jecha, mwanangu..."

"Mie simwachi! Baba yake kasema nimwache, ami kasema nimwache, sasa na wewe? Nipigeni, nifungeni, mke wangu simwachi." Machozi yanamtoka, mwanamume na ndevu zake, mbele za watu.

Nikamshika mikono yote miwili. "Si mke, baba. Tembo. Nnakupeleka kwa walioacha tembo."

Nililisema kwa sauti, na nilikuwa sijalisema hata siku moja nje ya nyumba yangu. Sisi kwetu tulikuwa tukisema "Jecha ana homa". Homa gani isiyokwisha mwaka mzima? Msiseme homa, mama wenzangu. Mtu wa homa huletewa uji akaachwa alale.

Kicheko kikakatika. Mwenye bajia akafuta mikono kwa kanga, akanisogelea.

"Si ungesema hivyo, bibi yangu. Mie Wanu. Pita uchochoro huu, mlango wenye pazia la kijani. Wenyewe wanaona haya, wamewaacha watu wadhani ni wanaume wasio na wake wanapiga soga." Akashusha sauti. "Mume wangu yumo." Kisha akamtazama Jecha. "Nenda, kaka. Hata yeye siku ya kwanza alilia. Ila yeye alilia kalewa, na akalilia mlango si wake."

Jecha akacheka huku anajifuta kwa mkono wa kanzu. Tukenda.

Aliyetufungulia aliitwa Gharib, mgema wa zamani. Ndani palikuwa na jamvi, birika la kahawa, na wanaume wachache waliosogea bila kuuliza kitu. Jecha hakukaa hata vizuri, akaanza, "Wallahi, toka leo mie..."

"Usiape," Gharib akamkata. "Sote hapa tuliapa, tukakinywa na kiapo chenyewe. Kaa. Kunywa kahawa. Tueleze kwanza."

Mimi nilikaa uani, nyuma ya pazia. Nilisikia kahawa ikimiminwa. Halafu nikamsikia mwanangu.

"Siku ile sikuteleza. Nilisinzia juu ya mnazi. Mama hajui."

Nilijiziba mdomo kwa kanga. Nilitaka niingie nimkumbatie kama alipokuwa mdogo, lakini nikaona nikiingia atanyamaza. Nikabaki palepale.

Alipotoka uso ulikuwa umemvimba. "Mama, kesho wanakaa na wapya, si Ijumaa tu. Gharib kasema wapya wasipitishe siku. Nnaweza kulala hapa?" Aliuliza kama mtoto anayeomba kwenda kuoga pwani.

"Baki," nikamwambia.

Nilirudi peke yangu na gari la Kizimkazi, nikiogopa njia nzima. Hata sasa naogopa. Lakini kulipokucha sikwenda shamba, nilikwenda Paje. Nikamwambia Mwatum waziwazi mumewe alikuwa na nini, yuko wapi, na alisema nini barabarani alipodhani nampeleka kumwacha.

Alinimiminia chai, akakaa akimtikisa mtoto miguuni. Baadaye sana akauliza, "Huko anakolala, kapewa shuka?"