Wadau wa Karakana

Siri ya baba yake ilimkaa Mwalimu kooni kama mwiba wa samaki. Fundi, baba yake, seremala aliyemsomesha binti yake huyu kwa kuuza vitanda na makabati, alikuwa amemnong'oneza juzi mezani: "Mwisho wa mwezi nafunga karakana. Mkono unatetemeka. Usimwambie mtu." Naye, msomi mzima wa biashara, alimjibu, "Uamuzi ni wako, baba." Alichotaka kusema hakikuwa hicho hata kidogo.

Na sasa ilikuwa siku ya somo la wadau, lililopangwa zamani lifanyike pale pale karakanani. Alijaribu kuliahirisha, Fundi akakataa. "Waje. Watoto wamekosa nini?"

Basi kidato cha pili kizima kikajibana kati ya vitanda visivyo na chaga na milango ya kabati, harufu ya vanishi ikiwawasha pua. Mwalimu akasimama kizingitini na kitabu chake.

"Mdau ni yeyote anayeguswa na biashara hii, hata kama hajachangia msumari mmoja," alisema. Akawagawia nafasi: wafanyakazi, wateja, muuza mbao, mtoza kodi, na jirani anayelalamikia kelele. Yeye atataja uamuzi wa mmiliki. Anayeguswa asogee karibu na benchi la Fundi, asiyeguswa abaki ukutani.

"Mmiliki anapandisha bei."

Wateja wakasogea wakinung'unika. Mtoza kodi naye akasogea. Alipotaja kwamba mmiliki ananunua mashine, mtoza kodi akasogea tena.

"Huyo hata nikipiga chafya atakuja," Fundi alisema, na darasa likacheka.

Palikuwa na msichana waliyemwita Kiherehere, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. "Mwalimu," aliuliza, "na mmiliki akifunga?"

Mwalimu akafunua ukurasa mwingine haraka. Alipoinua macho, darasa zima lilikuwa limelizunguka benchi, jirani akiwa wa kwanza.

"Wewe si ulikuwa unataka kimya?" Kiherehere alimsuta.

"Nimeshazoea kelele. Na mlango wangu ukivunjika nani atanitengenezea?"

Nyuma yao Msasa aliacha kazi. Ndivyo walivyomwita mama aliyekuwa akipiga msasa na vanishi pale tangu Mwalimu hajaanza shule. Akajifuta vumbi, akapenya katikati ya wanafunzi, akasimama bega kwa bega na Fundi.

"Na wewe umo kwenye mchezo?" Fundi alimuuliza.

"Mimi si wa mchezo, kaka. Mbao mpya haziingii, na kila nikikutazama unaficha mkono mfukoni. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Fundi akamtupia binti yake jicho. Mwalimu akatikisa kichwa: hakuwa amesema kitu.

"Patasi atashika nani?" Fundi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nitashika mimi. Wewe utashika kunigombeza, maana kazi hiyo haihitaji mikono."

Wanafunzi wakaangua kicheko. Fundi hakucheka. Alikuwa anatazama juu ya vichwa vyao, mlangoni.

"Na yule pale ni nani? Mbona hasogei?"

Wote wakageuka. Mwalimu akakikumbatia kitabu kifuani. "Mimi nafundisha tu, baba."

"Sikukuuliza kazi yako."

Wanafunzi wakampisha. Alifika benchini machozi yakimlengalenga, na aibu ya kulia mbele ya darasa akaimeza.

"Usifunge, baba. Sitaki ufunge. Niliogopa nikisema hivyo utajichosha kwa ajili yangu."

Fundi aliutoa mkono mfukoni, akauweka juu ya mkono wa bintiye, ukitetemeka vile vile mbele ya watu wote. Alimpenda mtoto huyu kuliko alivyowahi kujua kumwambia.

"Uliponijibu kwamba uamuzi ni wangu," alisema, "nilidhani karakana hii haina mtu ila mimi."

Kisha akamgeukia Msasa. "Mwite muuza mbao. Wa kweli, si huyu wa kidato cha pili."