Moshi Uliotoka Mapema

"Nakuomba hili moja tu, baba watoto. Njoo unione nikifundisha."

"Siendi kusikiliza mambo ya moshi," seremala alimjibu mkewe, mwalimu wa fizikia.

Uongo mtupu! Moshi ulimhusu nini? Kilichomchoma roho ni Mtanashati, mwalimu mwenzake mkewe, ambaye wiki nzima walibaki wote wawili chuoni wakiandaa onyesho hilo la moshi. Kila mke akirudi, ni Mtanashati kasema hivi, Mtanashati kacheka vile.

Jioni ya onyesho wivu ukamtoa nyumbani mbio, penseli ya kazi bado iko sikioni. Akasukuma mlango wa nyuma ya jukwaa, akajipenyeza. Moshi tele! Taa moja ilikuwa inawaka katikati, lakini haimuliki kitu, ni weupe mtupu. Vizuri, akajisemea, leo nawafuma.

Akasikia sauti ya mkewe. "Ulimwengu ulipokuwa mchanga ulikuwa na joto lisilosemeka. Elektroni zilirandaranda ovyo, na mwanga haukwenda mbali bila kugongana nazo, ukatupwa huku na kule. Mwanga ulikuwepo, ila umezuiliwa njia, kama taa hii ndani ya moshi huu."

Lo, sauti tamu hiyo! Anamlainishia nani? Seremala akanyata mbele, amechuchumaa, meno ameyauma.

"Kisha ukapoa. Viini vikazinasa elektroni, zikawa atomi, na mwanga..."

Mwanga ukafika kabla haujaitwa. Bwana huyu, kwa pupa ya kufumania, hakufunga mlango, na upepo ukausomba moshi wote. Taa ikamwangaza yeye, katikati ya jukwaa, amejikunyata kama mwizi wa kuku. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mtanashati alikuwa kule mwisho kabisa wa ukumbi, anahangaika na mashine ya moshi.

Mkewe hakucheka. Akamaliza maneno yake: "...ukapata njia, na mpaka leo bado unatufikia." Halafu akamsogelea mumewe.

"Kazi ya wiki nzima, baba watoto."

"Nisamehe, mama. Ni wivu tu."

Mke akamwonyesha kiti cha mbele, kitupu, mtandio wake umetandazwa juu yake. "Nimewafukuza watu watatu pale. Nilisema, atanuna, lakini atakuja."

"Si nimekuja?"

"Umekuja kunivizia."

Akaenda akautoa mtandio, akajitanda, akamkaribisha kitini mama mmoja aliyekuwa amesimama ukutani.